Mimea haishiki kwenye ardhi ya mgodi: dalili, visababishi na namna ya kupima

Kifusi cha mgodi kilichopandwa nyasi na miti kinaweza kuwa kijani kibichi mwaka wa kwanza na kubaki kipara mwaka wa nne. Ukijani wa mwanzo hutokana na mbolea, maji ya boza na udongo mzuri uliokuja na mche ndani ya kiriba. Vyote hivyo huisha. Anayekagua urejeshaji wa uoto ana kazi moja: kujua kama ardhi itajilisha yenyewe siku huduma itakapokoma.

Mwongozo huu ni wa maofisa mazingira wa migodi, wakaguzi, na kamati za vijiji vinavyosubiri kukabidhiwa ardhi, hasa kwenye migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa na Tanzania ya kati. Umepangwa kwa dalili. Kabla ya zote, shika jambo hili: usirudishie miche mahali ilipokufa kabla hujachimba shimo na kuona kilichoiua. Pesa nyingi za urejeshaji hupotea hapo, kwa kupanda mara ya pili na ya tatu juu ya tatizo lile lile.

Kwanza: unalinganisha na nini?

"Uoto wa kutosha" si kipimo. Ukiukuta umeandikwa hivyo kwenye mpango wa ufungaji wa mgodi, dai tarakimu mapema, kabla mgodi na kijiji havijaanza kubishana. Kinachotakiwa ni eneo linganishi: kipande cha ardhi jirani ambacho hakikuchimbwa, chenye mteremko na mvua sawa, na kinachotumika kwa kazi ile ile ambayo ardhi ya mgodi imepangiwa. Kama itakuwa malisho, linganisha na malisho yanayotunzwa vizuri. Usilinganishe na msitu wa hifadhi, wala na uwanda uliochungwa mpaka udongo ukaonekana. Pima maeneo yote mawili wiki moja. Mwaka wa ukame utayashusha yote mawili, na ulinganisho utabaki wa haki.

Mfano wa kanuni zenye tarakimu ni za Marekani, zilizotokana na sheria ya mwaka 1977 ya migodi ya makaa ya mawe. Uoto hukubaliwa ukifikia asilimia 90 ya kiwango kilichowekwa, kwa uhakika wa kitakwimu wa asilimia 90. Mgodi hubeba dhamana kwa angalau miaka 5 mahali penye mvua inayozidi inchi 26 kwa mwaka, yaani takriban milimita 660, na miaka 10 mahali penye mvua ya kiasi hicho au pungufu. Saa huanza kuhesabiwa baada ya mwaka wa mwisho wa kuongeza mbegu, mbolea au umwagiliaji. Na kwenye kuhesabu miti, asilimia 80 ya ile inayohesabiwa lazima iwe imekaa ardhini kwa angalau asilimia 60 ya muda huo, ili mgodi usipande miche mipya mwezi mmoja kabla ya ukaguzi na kuitaja kama mafanikio. Sheria zetu ni nyingine, lakini kanuni hizi mbili za saa na umri wa miti zinafaa kuandikwa kwenye mpango wowote wa ufungaji.

Dalili: takwimu zinapita, macho yanakataa

Ripoti inasema uoto umefunika asilimia 66, lakini ukisimama pale unaona udongo mwekundu kila upande. Mara nyingi kosa liko kwenye upimaji.

Kisababishi cha kwanza ni kukadiria kwa macho. Watu wawili wakitazama fremu moja ya mita 1 kwa mita 1 wanaweza kutofautiana kwa asilimia 20 bila hata mmoja kuwa na nia mbaya. Tumia tepu ya mita 50. Kila sentimita 50 shusha waya mwembamba wima na uandike unachogusa kwanza: mmea hai na jina lake, majani makavu, jiwe, au udongo mtupu. Utapata pointi 100 kwa mstari, kwa hiyo kila pointi ni asilimia moja.

Cha pili ni kuchagua mahali pa kupimia. Weka gridi juu ya ramani, zipe nukta namba, kisha chagua namba kwa bahati nasibu ukiwa ofisini. Kurusha fremu nyuma ya bega si bahati nasibu, kwa sababu mrushaji anajua amesimama wapi.

Cha tatu ni msimu. Ukipima Mei tu, mwisho wa mvua, unapima mvua. Pima Mei, kisha rudi mwishoni mwa kiangazi, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, uone kilichobaki. Nyasi za msimu mmoja zitakuwa zimetoweka, na kilichosalia ndicho kinachozuia udongo siku ya mvua ya kwanza, ambayo kwa kawaida huleta mmomonyoko mbaya kuliko zote.

Cha nne ni sampuli chache. Chukua eneo linganishi lenye asilimia 70 ya uoto. Asilimia 90 yake ni 63. Kifusi chako kina wastani wa 66 kwenye mistari 20, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mistari inavyotofautiana, wa 12. Wastani umepita, sivyo? Gawanya 12 kwa kipeuo cha pili cha 20, upate 2.68. Zidisha kwa 1.33, ambayo ni thamani ya t (namba inayosomwa kwenye jedwali la takwimu) ya upande mmoja kwa uhakika wa asilimia 90, upate 3.6. Ukitoa kwenye 66 unabaki na 62.4, chini ya 63. Kwa hiyo huwezi kudai kwa uhakika kwamba eneo limefikia kiwango. Mistari 40 yenye wastani na mkengeuko ule ule ingekupa 63.5, na hapo umepita. Siku mbili za ziada za kupima ni gharama ndogo kuliko mabishano ya mwaka mzima.

Cha tano ni wastani unaoficha mabaka. Gawa eneo kwa aina ya kifusi: kilele cha rundo la mawe, miteremko yake, bwawa la topesumu (tope linalobaki baada ya madini kutolewa kwenye mawe yaliyosagwa), barabara za zamani za malori. Kila kipande kipimwe na kiamuliwe peke yake, na ukubwa wa baka tupu kubwa kuliko yote uandikwe.

Dalili: majani yanapauka na nyasi zinapungua mwaka wa pili au wa tatu

Hii ndiyo dalili inayokutwa zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Angalia kwanza ni majani yapi. Yakianza njano ya chini, yaliyozeeka, shuku nitrojeni. Machanga ya juu yakiwa njano na mishipa yake ikabaki kijani, ni chuma, na mara nyingi pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni alikali) iko juu, kama kwenye machimbo ya chokaa. Majani yenye rangi ya zambarau iliyokolea na mmea uliodumaa huelekeza kwenye fosforasi.

Usikisie, jaribu. Mwanzoni mwa mvua pima vipande vinne vya mita 2 kwa mita 2 ndani ya nyasi dhaifu. Kimoja kitie gramu 40 za urea, cha pili gramu 40 za TSP (mbolea ya fosforasi), cha tatu vyote viwili, cha nne usikitie kitu. Gramu 40 hapo ni sawa na kilo 100 kwa hekta. Subiri wiki tatu hadi nne zenye mvua. Kipande cha urea na cha mchanganyiko vikinawiri, cha TSP kikabaki dhaifu, tatizo ni nitrojeni. Kikinawiri cha mchanganyiko tu, vyote vimepungua. Kisiponawiri hata kimoja, achana na habari ya mbolea ushuke kwenye mizizi.

Ukishajua ni nitrojeni, usikimbilie kununua urea zaidi. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 tu za nitrojeni. Utafiti wa A. D. Bradshaw na wenzake kwenye vifusi vya machimbo ya kaolini (udongo mweupe wa kufinyangia) huko Cornwall, Uingereza, ulionyesha kwamba ardhi huhitaji akiba ya takriban kilo 1,000 za nitrojeni kwa hekta ndipo uoto uendelee bila msaada. Tarakimu ya nchi za joto si lazima iwe hiyo hiyo, lakini ukubwa wa pengo uko wazi: hakuna mgodi utakaoijaza akiba hiyo kwa mifuko. Inajazwa na mimea jamii ya kunde, na mivinje.

Kwa hiyo kagua kama mimea hiyo inafanya kazi. Chimbua mizizi ya mlusina, mgunga au kunde yoyote iliyopandwa, tafuta vifundo, uvikate kwa wembe. Ndani pakiwa pekundu au waridi, vinatengeneza nitrojeni. Pakiwa peupe au kijani, vimelala. Kukosa vifundo kabisa mara nyingi maana yake ni kwamba bakteria wanaohitajika hawamo kwenye kifusi, na hilo si ajabu kwa mwamba uliotoka mita mia chini ya ardhi. Chukua udongo kutoka chini ya miti mizima ya spishi ile ile na uuchanganye kwenye viriba kitaluni. Vifundo vikiwepo lakini ni vyeupe, pima fosforasi na pH kabla ya jambo lingine.

Kisha inama uangalie majani yaliyoanguka. Yanaoza? Machimbo ya mawe ya matumbawe ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, yanafundisha vizuri hapa. René Haller alipoanza kupanda mwaka 1971, alijaribu spishi 26 juu ya sakafu tupu ya mwamba, na tatu tu ndizo zilizostahimili: mvinje, mti uitwao damas, na mnazi. Mvinje ulikua vizuri kwa sababu una vijidudu mizizini vinavyonasa nitrojeni. Lakini vijani vyake vyembamba, vyenye tanini nyingi, vilirundikana bila kuoza. Rutuba yote ilifungiwa kwenye zulia kavu. Kilichofungua ni majongoo wenye miguu myekundu: waliletwa, wakala vijani, na kinyesi chao kikawa mboji. Baada ya hapo ndipo miti mingine ya asili ilipowezekana. Mkaguzi aliyehesabu miti peke yake angeona mafanikio tangu mapema; aliyeinama angeona kwamba mzunguko wa rutuba ulikuwa bado haujaanza.

Kwa hiyo andika kwenye fomu unene wa majani makavu, kama tabaka la chini limeshaanza kuwa jeusi na laini, na kama kuna mchwa, majongoo au nyungunyungu. Mbinu ya Australia ya kupima utendaji wa mandhari, iliyojengwa na David Tongway wa CSIRO, shirika la utafiti la nchi hiyo, hutumia dalili kama hizi za uso wa udongo kutoa alama tatu: uthabiti, upenyaji wa maji na mzunguko wa rutuba. Kama una muda wa kujifunza mbinu moja zaidi ya kuhesabu mimea, jifunze hiyo.

Dalili: mabaka matupu

Tazama kingo. Baka lenye ukingo mkali, nyasi zikikoma ghafla, huwa ni kemia au mgandamizo. Baka linalofifia taratibu huwa ni maji, mbegu au malisho. Chimba mashimo matatu ya kina cha sentimita 60: katikati ya baka, ukingoni, na kwenye nyasi nzuri. Pima pH kila sentimita 10, kipimo kimoja cha udongo kwa vipimo vitano vya maji.

Rangi ya kutu au njano ya limau na pH chini ya 4 ni tindikali inayotokana na salfaidi, yaani madini yenye salfa, hasa pairaiti. Hapa kuna mtego. Kifusi kibichi kinaweza kuwa na pH 6 leo na 3 baada ya miaka mitatu, kwa sababu pairaiti bado haijakutana na hewa ya kutosha. Ili uone mbele, weka kijiko cha udongo kwenye glasi inayostahimili joto na umimine peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 30 iliyorekebishwa pH hadi karibu 5. Vaa glavu na miwani, simama upande upepo unakotoka, kwani huweza kuchemka kwa nguvu. Ikipoa, pima tena. pH ikishuka chini ya 3 kutoka juu zaidi, salfaidi ipo na tindikali inakuja. Mapovu peke yake si ushahidi. Hata mboji hutoa mapovu.

Sasa hesabu ya chokaa. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti huhitaji kilo 31.25 za kalsiamu kabonati kwa tani ya udongo. Tabaka la sentimita 20 kwenye hekta moja, kwa uzito wa tani 1.3 kwa mita ya ujazo, ni tani 2,600. Zidisha: ni zaidi ya tani 81 za chokaa kwa hekta, kwa asilimia moja tu ya salfa, na kwa sentimita 20 za juu tu. Ndiyo maana tani mbili au tatu za chokaa ya kilimo hukijanisha baka kwa msimu mmoja, kisha linarudi. Mahali pa namna hii suluhisho huwa ni kufunika kifusi upya kwa tabaka nene lisilo na salfaidi, na maji yazuiwe kupenya. Huo ni uamuzi wa kihandisi. Mpeleke mhandisi shimoni aone mwenyewe.

Ukoko mweupe unaotokea kiangazi na kupotea masika ni chumvi. Huonekana sana juu ya topesumu iliyofunikwa kwa udongo mwembamba: punje ni laini, maji hupanda kwa kunywewa kwenda juu, hukauka na kuacha chumvi usoni. Ncha za majani huungua. Kipimo cha upitishaji umeme kikizidi 4 dS/m kwenye dondoo la udongo uliojaa maji, mimea mingi huanza kuteseka, ingawa ukoka na nyasi za Rhodes huvumilia zaidi. Kuongeza udongo wa sentimita 15 juu yake hununua mwaka mmoja au miwili. Kinachokata njia ya chumvi ni tabaka la mawe makubwa kati ya topesumu na udongo, kwa sababu maji hayawezi kupanda kupitia nafasi kubwa.

Ukishaondoa tindikali na chumvi, baki na metali. Kwenye ukanda wa shaba wa Katanga, nchini Kongo, kuna mimea iliyozoea udongo wenye shaba nyingi, kama Haumaniastrum katangense, ambao huota kwenye ardhi iliyochafuliwa karibu na tanuri za kuyeyushia shaba mahali mimea mingine imekufa. Mkaguzi asiyeujua atauandika kama uoto uliorudi wenyewe. Kwa anayeujua, huo ni ushahidi kwamba udongo bado una sumu. Mmea wa aina moja uking'ang'ania baka peke yake, peleka udongo na majani maabara. Majani yaoshwe kwa maji safi kwanza, maana vumbi la mgodi juu ya jani hutoa namba za uongo. Kama mifugo italishwa hapo, kipimo hiki si cha hiari, na kwenye migodi ya dhahabu aseniki iwe kwenye orodha.

Dalili: miti hai lakini haikui, au inaangushwa na upepo

Chukua nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha na uisukume kwa mikono siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa. Ikikwama sentimita 20 au 25 kila mahali, na kwenye eneo linganishi inazama 50, umepata mgandamizo wa malori na mabuldoza. Hakikisha kwa shimo: mizizi itakuwa imeshuka, kisha imekunja kulala juu ya tabaka gumu. Kwenye udongo wa mfinyanzi mizizi huanza kushindwa uzito wa udongo ukizidi takriban gramu 1.4 hadi 1.5 kwa sentimita ya ujazo. Kwenye kichanga ni karibu 1.75.

Tiba ni kupasua kwa meno ya buldoza kina cha sentimita 60 au zaidi, kufuata kontua, udongo ukiwa mkavu. Ukavu ndio siri. Finyanga donge kutoka kina unachotaka kufikia: likivingirika kuwa uzi mwembamba bila kukatika, subiri, kwa sababu jino litakata na kulainisha kuta badala ya kuzivunja. Kupasua chini ya miti iliyopo huikata mizizi, kwa hiyo kipande chenye hali hii mara nyingi huanzishwa upya. Tusifiche hilo kwenye ripoti.

Kuna kisababishi kingine kinachofanana. Ng'oa mti mmoja ulioanguka. Mizizi ikiwa imejizungusha kwa umbo la kiriba, kosa lilitoka kitaluni: miche ilikaa muda mrefu mno, au kiriba hakikutolewa wakati wa kupanda. Hapo udongo hauna hatia.

Dalili: miche ya asili inaonekana imekufa

Usiihesabu kama mfu mara moja. Miche ya miti ya miombo, na mninga hasa, hukausha shina lake kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini. Kwaruza gome karibu na ardhi kwa kisu: tishu ya kijani ina maana mche uko hai. Gome likiwa kavu, fukua sentimita 5 ukwaruze shingo ya mzizi. Hesabu ya uhai wa miombo ifanywe mwezi mmoja au miwili baada ya mvua kuanza, vinginevyo utaamuru kurudishiwa kwa miche ambayo haijafa.

Dalili: nyasi nene, miti michache, hakuna spishi mpya

Macho hupenda eneo la namna hii, na takwimu za ufunikaji hulipitisha. Lakini ukihesabu spishi, mwaka wa kwanza zilikuwa sita na mwaka wa tano ni tatu. Nyasi za Rhodes zilizomwagwa kilo 10 au 15 kwa hekta, kipimo cha shamba la malisho, huziba mwanga na kunywa maji ya juu kabla mche haujafika chini. Mahali panapotakiwa miti, kilo 3 hadi 5 zinatosha, na kila mche uwekewe duara safi la nusu kipenyo cha mita 1 kwa misimu miwili.

Ili uone kama eneo linajizalisha, weka duara la nusu kipenyo cha mita 5.64, ambalo ni mita za mraba 100, na uhesabu miche ambayo haikupandwa na mtu. Isipokuwepo, tafuta sababu tatu kwa mpangilio huu: mbegu hazifiki kwa kuwa msitu uko mbali na ndege hawana pa kutua, mbegu zinafika lakini nyasi zinazisonga, au zinaota na kufa kwa kukosa kuvu wa mikoriza, wanaoishi mizizini na kuilisha miti, ambao miti mingi ya miombo huwategemea. Ya mwisho hutokea zaidi pale udongo wa juu ulipolundikwa marundo marefu kwa miaka kabla ya kutandazwa, kwani viumbe na mbegu zilizomo hufa ndani. Vikapu vya udongo kutoka chini ya miombo hai, vikizikwa hapa na pale, husaidia.

Magugu vamizi yahesabiwe kando na yasiongezwe kwenye ufunikaji: mathenge, lantana, gugu karoti. Asilimia 80 ya uoto yenye nusu ya lantana haifai kwa malisho wala msitu.

Dalili: vijifereji na makorongo

Fuata kijifereji juu mpaka kinapoanzia. Kikianzia kwenye mdomo wa makinga maji, makinga imelala upande mmoja. Pima kwa levo ya mpira wa maji uitengeneze, mimea haina kosa. Kikianzia katikati ya mteremko, maji hayapenyi. Sukuma sentimita chache ardhini kopo la kipenyo cha sentimita 15 lililotolewa mfuniko na kitako, mimina mililita 440, subiri yazame, mimina tena 440 na upime muda wa mara hii ya pili. Linganisha na eneo linganishi.

Kisha dondosha kipande kikavu cha udongo kwenye glasi ya maji safi. Kikimeguka na maji yakabaki safi, kinahitaji mboji na mimea. Maji yakiwa kama maziwa kukizunguka, udongo una sodiamu nyingi na hutawanyika; utakuta pia mashimo yanayopita chini kwa chini. Huo hutibiwa kwa jasi, mara nyingi tani 5 hadi 10 kwa hekta kulingana na vipimo vya maabara, na kupanda kabla ya jasi ni kupoteza mbegu.

Mifugo na moto

Kabla ya kumlaumu mchungaji au udongo, weka vizimba vitatu vya waya vya mita 2 kwa mita 2 mwanzoni mwa mvua. Baada ya miezi mitatu, nje pakiwa kipara na ndani nyasi zimefika magotini, ni malisho, na suluhisho ni makubaliano na kijiji kuhusu lini na wangapi. Ndani na nje pakifanana, rudi kwenye shimo. Moto mmoja kwa nyasi zilizokomaa si msiba; kama mashina yatachipua kutoka chini ndani ya msimu mmoja, eneo limefaulu mtihani ambao lazima lingekutana nao siku moja.

Kuamua

Kila kipande kipewe hukumu yake. Kinachopita ni kile kilichofikia kiwango kwenye vipimo viwili vya miaka tofauti, bila mbolea wala maji katikati, na chenye miche iliyojiotea. Kinachosubiri ni kile ambacho mwelekeo wake unapanda lakini bado hakijafika. Hicho hakihitaji kitu zaidi ya kufungiwa mifugo na kupimwa tena. Kinachorudiwa ni kile ambacho shimo limeonyesha tindikali, chumvi, sodiamu au mgandamizo, na kirekebishwe udongo kabla ya mche mmoja kutoka kitaluni.

Kipande kinachorudiwa kikatwe kwenye ramani kwa GPS, kiandikiwe tarehe, kilo za mbegu, aina na kiasi cha mbolea au jasi, na saa yake ianze upya kutoka msimu huo. Saa ya vipande vingine iendelee. Bila mpaka huo kwenye ramani, mgodi utaomba saa moja kwa eneo zima, na kijiji kitaomba eneo zima lianze upya kwa sababu ya robo hekta.